Je, muuguzi anaweza kuweka kijiti cha uzazi wa mpango, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, au ni lazima daktari?

Anaweza, ilimradi amefunzwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wauguzi na wakunga waweke na kutoa vijiti na vitanzi (vya kuzuia mimba, vinavyowekwa ndani ya mji wa mimba). Cha kuuliza ni kama amefundishwa kwa vitendo: kwanza mkono wa bandia, kisha wateja halisi chini ya msimamizi, mpaka athibitishwe kuwa ameiva. Kuhudhuria darasa tu hakutoshi.

Kosa kubwa ni kuingiza kijiti kwa kina. Baada ya ganzi, sindano ikishatoboa ngozi inatakiwa ilale karibu sambamba na mkono, huku ncha yake ikiinyanyua ngozi kidogo ili uione inavyopita. Asipoinyanyua, kijiti kinaweza kuzama kwenye misuli, karibu na neva na mishipa ya damu, na kukitoa huwa kazi. Akimaliza, yeye na mteja wote wakipapase. Kisipogusika, mteja atumie kondomu hadi kipimo kithibitishe kilipo.

Kutoa nako kufundishwe. Wapo waliofunzwa kuweka tu, na mwanamke anayetaka kitolewe anazungushwa. Hilo si haki hata kidogo.

Halafu ushauri: mteja aambiwe kabla, si baada, kwamba hedhi inaweza kuvurugika, kuwa matone ya mara kwa mara au kukatika kabisa. Kikiwekwa baada ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, ujauzito ukishaondolewa shaka, atumie kondomu kwa siku 7.