Mhariri akikufutia "skuli"

Barua pepe ilinifikia saa nne za usiku, nimekaa ukumbini kwetu Wete, Pemba, na umeme umerudi punde hivi. Mhariri wa Dar es Salaam ananirejeshea riwaya yangu aliyoisahihisha. Nikaifungua. Kurasa nyekundu mtupu, kama jamvi lililoanikwa pilipili. "Skuli" zote zimekuwa "shule". "Pahala" imekuwa "mahali". "Mie" imekuwa "mimi", na "siye", ambayo ndiyo sauti ya kijiji kizima ndani ya kitabu changu, imekuwa "sisi".

Nikaifunga kompyuta, nikaenda zangu barazani. Usiku ule sikumjibu, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwani maneno niliyokuwa nayo mdomoni yangelifunga mlango ambao nilikuwa nimeugonga miaka miwili.

Siku hizi vijana hunijia, wengine niliwasomesha mwenyewe, wakaniambia: "Mwalimu, nimemaliza riwaya, nipe namba ya mchapishaji." Namba nitakupa. Lakini kwanza nakuuliza: ukiambiwa ufute maneno yote ya kwenu ubakishe ishirini tu, utabakisha yapi, na kwa nini? Kama huna jawabu, muswada wako haujawa tayari kuvuka bahari. Atakaa mtu mwingine kitako akuchagulie, naye hakuwahi kukanyaga Pemba.

Mimi jawabu hilo sikulipata kwa kusoma. Nilipewa na mama yangu, msimu wa karafuu.

Rasimu ya kwanza nilikuwa nimeiandika kwa miaka mitatu, alfajiri baada ya sala, ukurasa mmoja mmoja, na nilijiona nimeandika Kiswahili cha kupigiwa mfano. Jioni moja tumekaa uani tunachambua, karafuu zinakwenda huku na makonyo kule, vidole vimekuwa vyeusi, nikasema niwasomee kidogo watu wasisinzie. Nikafika pahala ambapo mchukuzi wa bandarini anagombana na tajiri wake. Nilikuwa nimemwandikia hivi: "Sina uwezo wa kukubaliana na jambo hilo."

Mama akasita, konyo liko baina ya vidole. "Huyo ni mchukuzi au ni mkuu wa wilaya?"

"Ni mchukuzi, mama."

"Basi mwache aseme mwenyewe. 'Mie hilo silitaki.' Kwisha."

Wote wakacheka, na mie nikacheka kwa aibu. Usiku ule nikapitia mazungumzo yote ya kitabu. Karibu kila mhusika alikuwa anasema kama taarifa ya habari. Nikaanza upya, na kazi ile ikanila miezi minane. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndio huo: msomee mtu kwa sauti, na awe mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Aliyekaa kukusikiliza wewe tu atakusifu. Anayechambua karafuu, au anayesuka ukili, atakatiza pale palipochosha, na pale alipoacha kazi akakutazama ujue hapo pana kitu.

Sasa habari za wachapishaji, ambazo nitazipitia haraka kwa sababu si nyingi. Wengi wako Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi kwa vitabu vya skuli. Riwaya isiyokuwemo katika orodha ya vitabu vya kusomeshwa ni bidhaa ngumu kwao, na hili usilichukulie kama dharau. Wa mwanzo niliyempelekea alikaa na muswada wangu miezi kumi na minne bila ya neno. Wa pili alijibu kwa wiki sita, kwa sababu mara hii sikumtwisha kitabu kizima. Nilimpelekea muhtasari wa kurasa mbili na sura tatu za mwanzo. Fanya hivyo. Na wakati unangoja usiukodolee macho mlango mmoja, kuna mashindano. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023. Usidharau njia hii kwa sababu ya ugeni wako. Muhammed Said Abdulla, mwanzilishi wa hadithi za upelelezi kwetu, alijulikana kwa kushinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha kwanza kikatoka 1960.

Turudi kwa mhariri wangu.

Siku ya tatu nikampigia. Ni kijana mpole, ananiita Mwalimu, nami namwita kaka ingawa nimemzidi miaka kumi. Nikamwambia: "Kaka, kazi umeifanya, ahsante. Lakini hapa pana vitu naviomba virudi." Akasema anafuata Kiswahili sanifu. Nikamkumbusha, kwa ukarimu kabisa, kwamba huo usanifu wenyewe ulijengwa juu ya Kiunguja, na ulikubaliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa 1928. Leo sisi watu wa visiwani tunasahihishwa kwa fimbo iliyokatwa uani kwetu. Akacheka. Akasema, "Sawa Mwalimu, lakini msomaji wa Mwanza?"

Na hapo, wallahi, alikuwa na haki. Ndiyo maana nasema usimjibu mhariri siku ya kwanza. Katika ukurasa wa mwanzo tu nilikuwa nimeweka maneno matano ya kijijini kwetu, yamefuatana kama watalii wanaoshuka botini, na hakuna hata moja lenye pa kushikia. Nilitaka kutia faharasa nyuma ya kitabu. Akanikataza, akasema hakuna mtu anayesoma riwaya huku kidole kiko ukurasa wa mwisho. Akanifunza jambo ambalo natamani ningelijua zamani: neno geni lifanyishe kazi, litajieleza. Usiandike "makonyo" kisha ukatia maelezo. Andika kwamba mtoto alitupia karafuu upande huu na makonyo upande ule, na bibi yake akamrushia konyo moja lililobakia na karafuu yake. Msomaji wa Mwanza keshajua konyo ni nini na hakuna aliyemsomesha.

Tukagawana. Maelezo ya msimulizi nikamwachia: "mahali" ikae, na sentensi ndefu azikate atakavyo. Mazungumzo ni yangu. "Mie", "weye", "siye" zirudi, na ile n' yetu irudi nayo, ya "n'nakwenda" na "n'shakwambia". Aliposema kuwa alama ile inachafua ukurasa, nikamtajia riwaya ya Adam Shafi iliyotoka 1999. Tena n' haiko ndani tu, iko juu ya jalada: *Vuta N'kuvute*. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya." Kwa hiyo kabla hujaanza mabishano kama haya tafuta mfano uliokwisha kuchapwa. Mhariri ana bosi wake, na kitabu kilichochapwa ni kitu anachoweza kwenda kukiweka mezani. Kamusi pia husaidia. Sisi tuna Kamusi la Kiswahili Fasaha la 2010, la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na Bara wana Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Tazama hapo penyewe: moja ni "la", nyengine ni "ya". Hata majalada hayajakubaliana, seuze mimi na kijana wa watu.

"Skuli" nikaing'ang'ania kila pahala, hata kwa msimulizi. Mie nasomesha katika jengo lililoandikwa SKULI kwa rangi ukutani. Siwezi kuingia ndani yake asubuhi nikatoka shule.

Mkataba ulikuja baada ya hapo, na hapa nilifanya ujinga. Nilikuwa na furaha, nikatia saini pale pale kwenye meza. Uliandikwa mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, asilimia 10, nikaona vizuri, ndiyo kawaida. Sikutazama asilimia 10 ya nini. Kitabu bei yake shilingi 15,000, kwa hiyo kichwani mwangu kila nakala ni 1,500 yangu. Kumbe imeandikwa "ya mapato halisi ya mchapishaji". Duka hupewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 9,000, na mie napata 900. Mwaka wa mwanzo ziliuzwa nakala 300. Badala ya 450,000 nilizokwisha kuzitumia kwa mawazo, zikaja 270,000, na hiyo ni kabla ya kodi. Hakuna aliyeniibia, maneno yalikuwemo. Sikuyasoma.

La pili lilikuwa baya zaidi: hakukuwa na kifungu cha kunirejeshea haki. Kikiisha kitabu madukani na mchapishaji asitake kukichapa tena, kinabaki kwake kimekufa, nami siwezi kukipeleka kwengine. Dai kiandikwe kwa namna iliyo wazi: nakala zikimalizika na zikipita, tuseme, miezi kumi na minane hakijachapwa, haki zinarudi kwa mwandishi. Na haki za tafsiri na filamu usizitie katika kapu moja na za kuchapa kwa sababu tu fomu imekuja hivyo. Watu huniuliza kama wakasajili hakimiliki kwanza. Zanzibar tuna ofisi yetu ya hakimiliki, nenda, usajili ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Lakini haki ya kazi yako unayo tangu ulipoiandika.

Fedha iliyonifaa khasa ilitoka kwenye maboksi. Katika mkataba kulikuwa na kifungu kidogo kwamba mwandishi anaweza kununua vitabu vyake kwa bei ile ile wanayopewa maduka. Nikachukua mia kwa 900,000, za mkopo, nikavivusha kwa boti mpaka Unguja na kutoka Unguja mpaka Pemba. Mchukuzi aliyeniteremshia bandari ya Mkoani akauliza kuna nini ndani mbona vizito hivi. Nikamwambia hadithi ya mchukuzi. Akanunua kimoja, ndiye mteja wangu wa mwanzo kisiwani. Vingine niliviuza maskulini, kwa walimu wenzangu, na Chake Chake siku za Jumamosi. Kila kimoja kiliniachia 6,000, kabla ya kutoa nauli. Jitayarishe tu na jamaa. Watakupongeza huku wametandaza kiganja: "Changu kiko wapi?" Nilitenga kumi vya kugawa, vikaisha kwa siku mbili, na baada ya hapo nilimtoza hata shemeji yangu.

Sasa nimalizie na tukio ambalo halijanitoka. Kabla hatujakubaliana, yule kijana hakuwa amebadilisha maneno moja moja. Aliiamuru kompyuta itafute kila "siye" iweke "sisi". Kompyuta haijui lahaja wala sarufi. Imeona "siye" ndani ya "asiye", nayo ikatii. Mtu asiyejua akawa mtu asisijua. Asiyesikia la mkuu akawa asisisikia la mkuu, na bado akavunjika guu. Tulipoyarudisha maneno yangu tuliyarudisha kwa mkono, na kurasa za majaribio, zile za kukaguliwa kabla ya kitabu kuchapwa, zilipokuja nilizichapisha kwenye karatasi, nikazisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, sentensi moja moja, rula mkononi. Zisome hivyo, wala usizisome kwenye simu. Nilikamata thelathini na moja.

Ya thelathini na mbili iko ukurasa wa 143, imechapwa, haifutiki. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu ndio walioigundua. Sasa asubuhi nikiita majina na mmoja hakuitika, darasa zima hunijibia kwa pamoja: "Asisikuwepo na lake halipo, Mwalimu!"