Macho ya mtoto yanayochezacheza

Dada wa Tukuyu, umesema mwanao wa miezi 5 macho yanacheza kushoto na kulia bila kutulia, na bibi yake anataka mngoje hadi aote meno. Msingoje. Hali hiyo huitwa nistagmasi, na ikianza utotoni hivi mara nyingi chanzo kiko kwenye jicho lenyewe: mtoto wa jicho, ualbino au hitilafu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mtoto wa jicho ndiyo inayotaka kuwahiwa zaidi, maana ubongo usipopata picha safi mapema haujifunzi kuona vizuri, hata akipasuliwa baadaye.

Mpeleke kliniki ya macho, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, wiki hii. Kabla ya safari mrekodi kwa simu sekunde 30 mwangani, macho yote mawili yaonekane. Huko anaweza kulala usingizi daktari asione kitu. Chungulia pia kama mboni ina weupe.

Akitapika mfululizo, akilegea au utosi ukivimba, nendeni siku hiyohiyo, huenda tatizo liko kwenye ubongo.

Baadaye akizoea kugeuza kichwa upande mmoja, msimnyooshe kwa nguvu. Hapo ndipo macho yake hutulia. Na majani au maziwa ya mama machoni, tafadhali, acheni kabisa.