Mlango wa behewa ni wako: kwa mnaoanza uhudumu wa treni

Wadogo zangu mnaopangiwa mabehewa ya njia ya Tanga, kagueni milango kabla ya tiketi. Reli hii yenye upana wa mita moja Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, na milango tunayoizungumzia hapa ni ya kufunga kwa mkono. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024 zina mitambo ya kufunga milango. Huku mtambo ni wewe.

Chukua Korogwe. Treni ikisimama, wachuuzi wa machungwa wanajaa madirishani na milangoni, na hapo hakuna shida. Shida inaanza magurudumu yakisogea. Abiria ametoa noti ya elfu kumi, chenji haijarudi. Anateremka ngazi moja, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kaunyoosha, na mchuuzi anakimbia naye sambamba juu ya kokoto. Usisimame ukamfokea. Mrudishe ndani, funga, komea. Mchuuzi muungwana chenji ataituma kwa simu. Tena hakikisha umekomea kabla gadi hajapunga bendera ya kijani, maana treni ikishaondoka, dereva kule mbele haoni mlango wako.

Usiku mlango unasahaulika zaidi. Choo kipo kule kule mwisho wa behewa, sakafu imelowa, mtu anasubiri zamu huku ameegemea mlango na usingizi machoni. Bango la "Usiegemee" halimzuii mtu aliyesinzia. Komeo ndilo linalomzuia. Madumu na magunia yasikae hapo hata kwa dakika tano. Halafu treni inaposimama porini kupisha nyingine, pita ukitangaza kwamba hapa si stesheni, kwa sababu kuna wanaoshuka gizani wakidhani wamefika Mombo.

Sasa lawama. Wengi wetu hukimbilia kusema, "Alining'inia mwenyewe." Mahakamani haliishii hapo. Msafirishaji ana wajibu wa uangalifu kwa abiria wake, na mwajiri hubeba uzembe wa mtumishi aliyekuwa kazini. Ikionekana abiria naye alichangia, fidia yaweza kupunguzwa kwa kiasi cha kosa lake, si lazima ifutwe. Akifariki, wategemezi wake wanaweza kudai. Kwa hiyo utakachoulizwa ni vitu vidogo: komeo lilikuwa linafunga? Ulijua tangu lini kwamba ni bovu? Ulimwambia nani?

Kumwambia fundi kwa mdomo mkiwa mnakunywa chai hakuhesabiki. Andika namba ya behewa, mlango wa upande gani, saa, jina la uliyemkabidhi taarifa, kisha baki na nakala. Mpaka utengenezwe, mlango huo abiria wasiutumie na pasikose mtu wa kuulinda. Picha ya simu nayo inasaidia, ila piga komeo, usipige majeruhi.