Si kila kinachoumua unga ni hamira

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepata kwenye simu pishi la skonzi za zabibu. Limeandikwa: "Tia hamira vijiko vitatu vya chai, kanda kwa maziwa baridi, kata, kisha oka papo hapo." Nimelifuata neno kwa neno, skonzi zimetoka ngumu na zinanuka hamira. Wifi yangu ananiambia hata jina nimelikosea, eti ni skonsi. Lipi sahihi? Na je, wingi wake ni maskonzi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andika skonzi, ndivyo wengi wetu tunavyotamka. Anayeandika skonsi simgombezi: neno tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata Uskoti, na kila ulimi umeligeuza kidogo. Ninayemgombeza ni huyo aliyekuandikia hamira.

Neno hili sasa limetapakaa kwenye mapishi bila mipaka. Hamira ya mandazi, hamira ya keki, hamira ya skonzi. Chochote kinachoumua unga kimebatizwa hamira. Asili yake ni Kiarabu, shina moja na hamri kwa maana ya pombe, na shina hilo ni la kuchacha. Hamira ni kitu hai. Ni kuvu wadogo mno wanaokula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa gesi, nao wanataka vuguvugu na wanataka muda. Ndiyo maana ukishakanda unga wa mandazi unaufunika na kuungoja uumuke.

Skonzi za Kiingereza hazitiwi kitu hicho. Hutiwa bekingi poda, ambayo ni bikaboneti ya soda, asidi kavu na wanga kidogo wa kuvizuia visilowe kabla ya wakati. Hapo hakuna kinachochacha. Poda ikikutana na maziwa huanza kutoa gesi palepale, na moto wa oveni huimalizia kazi. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliitengeneza mwaka 1843 kwa sababu mkewe alikuwa na mzio wa hamira. Yaani poda iliyobuniwa ili mgonjwa aepukane na hamira, leo sisi tunaiita hamira! Nikilalamika naambiwa, "Lakini watu wanaelewa." Hawaelewi. Wewe umeambiwa utie hamira, ukatia hamira. Kiswahili chako hakina kasoro. Kasoro ni ya mwandishi.

Hebu tulipitie pishi lenyewe polepole. "Vijiko vitatu vya chai." Kwa unga wa kawaida gramu 225, ambacho ni kipimo kilichozoeleka cha skonzi za nyumbani, vijiko 3 vya bekingi poda ni sawa kabisa. Vijiko 3 vya hamira vingetosha unga wa mkate zaidi ya mara mbili ya huo, na harufu uliyoisikia imetoka hapo. "Maziwa baridi." Kwa bekingi poda ni agizo zuri, siagi isije ikayeyuka kabla ya kufika kwenye moto, hamira ikitiwa maziwa baridi huzubaa. "Oka papo hapo." Tena ni agizo zuri kwa poda, maana gesi isiyokamatwa na moto hupotea. Kwa hamira ni kuiua kabla haijaanza kazi. Mpishi huyo alijua kupika. Nomino moja ndiyo iliyomharibia, ikakuharibia na wewe trei nzima.

Kitenzi nacho kimemponza. Kukanda ni kwa mkate na chapati, ambako unautaka unga uvutike. Skonzi ukizikanda zinakakamaa. Siagi hufikichwa kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka uwe chengachenga, halafu maziwa yanatiwa na donge linakusanywa tu. Kufikicha ni kitenzi chetu, kipo, kinasema hasa kinachofanyika, na bado waandishi wa mapishi wanakipita. Aandike pia zabibu kavu. Waarabu wakisema zabibu wana maana ya zile kavu, lakini kwetu neno limekwishahamia kwenye tunda lenyewe, na yupo atakayetia mbichi.

Nikubali jambo moja kwa upande wake. Skonzi za maduka yetu ya mikate, vile vimkate laini vya chai, ni za hamira kweli na hukandwa na kuachwa ziumuke. Huenda jina hilo moja kwa vitu viwili ndilo lililomchanganya. Lakini maziwa baridi na papo hapo vinaonyesha alikuwa akipika zile za Kiingereza.

Basi tuiiteje? Bekingi poda. Wenye maduka wanalijua, waoka keki wanalijua, linatamkika. Poda ya kuumulia ningelipenda zaidi kwa kuwa kuumua ni kitenzi chetu, ila simlazimishi mtu. Hamira ya unga silikubali hata kidogo, kwa sababu hamira yenyewe siku hizi huuzwa ikiwa kavu, chenga au unga, na mnunuzi atabaki palepale ulipokwama wewe.

Oka tena, nyuzi 220 za selsiasi, dakika 12 hadi 15, na mkaribishe wifi. Kuhusu wingi, neno hili ni la ngeli ya I-ZI: skonzi hii, skonzi hizi. Maskonzi lifute.