Jibu: Barua za Ward na Ross, wanasosholojia (wataalamu wa elimu ya jamii) wa Marekani, ni za kifamilia tu?

Hapana, ndugu. Undugu upo, Ross alioa katika ukoo wa mke wa Ward, lakini kilichojaa humo ni kazi ya kitaaluma. Lester Ward alikuwa mtumishi wa serikali Washington, mtaalamu wa mabaki ya mimea ya kale. Uprofesa wa sosholojia aliupata uzeeni, Chuo Kikuu cha Brown, mwaka 1906. Edward Ross ndiye aliyekuwa akifundisha chuoni mapema, akivutiwa na hoja ya mzee Ward kwamba mageuzi ya jamii yaanze na elimu kwa wote. Mwaka 1900 Ross akaondolewa Chuo Kikuu cha Stanford. Kauli zake za hadharani zilimuudhi Jane Stanford, mwanzilishi mwenza wa chuo hicho. (Nyingine zilikuwa za kibaguzi dhidi ya wahamiaji wa Asia, tusimpambe sana.) Anza na barua za kipindi hicho.