Aqua yangu iko Tanga: betri kubwa niitunzeje kwenye joto?

Swali: Fundi, habari za kazi. Natumia Toyota Aqua ya 2013 hapa Chumbageni, Tanga. Tangu joto la Januari lianze, feni ya nyuma inavuma mpaka naisikia nikiwa kwenye usukani, na chaji ya betri kwenye dashibodi inapanda na kushuka haraka. Taa ya onyo haijawaka. Kaka yangu anaishi Nizwa, Oman, naye ana hybrid. Anasema nisizime AC na nisafishe feni ya betri. Mimi AC naizima nikidhani inamaliza betri. Nani yuko sahihi, na huku pwani kuna la kuongeza?

Jibu: Kaka yako yuko sahihi, ila ushauri wake ni wa jangwani. Nizwa kiangazi joto hupita nyuzi 45 na hewa ni kavu. Tanga hamfiki huko, lakini mna unyevunyevu na chumvi ya bahari, na hivyo viwili hula betri kwa njia ambayo yeye haioni. Fanya anayokwambia, kisha ongeza ukaguzi wa kutu.

Tuanze na feni. Betri ya Aqua yako iko chini ya kiti cha nyuma: moduli (vipande vya betri) 20 za nikeli, kila moja volti 7.2, jumla volti 144. Haipozwi kwa maji, inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa kupitia kidirisha chenye matundu pembeni, chini ya kiti hicho. Ukizima AC na kufunga vioo, feni itazunguka kwa nguvu zake zote huku inapuliza joto juu ya joto. Betri ya nikeli ikivuka nyuzi 40 hivi, uwezo wake wa kupokea chaji unapungua, na umeme usiopokelewa hugeuka joto tena. Moduli za katikati ndizo hufa kwanza, kwa sababu zimebanwa na wenzake pande zote.

Hofu yako kuhusu AC ina msingi, maana kompresa ya Aqua kweli inaendeshwa na umeme wa betri kubwa. Lakini unachopoteza ni mafuta kidogo tu, kwa kuwa injini itawaka mara nyingi zaidi kurudisha chaji. Weka nyuzi 24 au 25, inatosha. Gari likiwa limeanikwa juani, fungua vioo dakika moja au mbili hewa ya moto itoke, kisha funga na uwashe AC. Kwenye barabara ya vumbi zungusha hewa ya ndani, usivute ya nje, kwani vumbi lote linaishia kwenye feni.

Kidirisha kile kisizibwe na kitu. Wengi hutoka Muheza na gunia la machungwa limeegemea palepale, au kiti cha mtoto, au kanga iliyodondoka. Hiyo peke yake inatosha kuifanya feni ivume kama unavyosema, kwa hiyo angalia hapo kabla hujampigia mtu yeyote simu.

Kama hakuna kilichoziba, feni ifunguliwe isafishwe. Mapanga yake ni membamba, yakipata vumbi lililochanganyika na unyevu hushika utando mgumu, hewa haipiti hata kama mota inazunguka. Usipulize kwa kompresa ya upepo kupitia kidirishani, maana utalisukuma vumbi lote ndani ya betri. Feni hutolewa nje na kusafishwa kwa brashi laini. Kwa matumizi ya Tanga mjini mara moja kwa mwaka inatosha. Kwa anayekwenda vijijini kila wiki, kila miezi sita.

Wakati feni iko nje, mwambie fundi afungue na betri yenyewe, kwa ajili ya ile kutu. Moduli zimeunganishwa kwa vibati vya shaba. Hewa ya pwani ikipita hapo kwa miaka, shaba inaota ukungu wa kijani, na nyaya nyembamba za kupimia volti nazo hivyohivyo. Kompyuta ikisoma volti kupitia kutu, huona fungu moja (kundi la moduli zinazopimwa pamoja) ni dhaifu na kuwasha taa, tena kwa msimbo uleule wa hitilafu, P0A80, unaoagiza betri ibadilishwe. Betri nzuri hutupwa hivyo. Vibati vilowekwe kwenye siki nyeupe dakika 15 au 20, visuguliwe, visuuzwe kwa maji safi na vikauke kabisa kabla ya kurudi. Siki isiguse betri. Nati zake ni ndogo, zinakazwa kwa spana ya kipimo cha nguvu, Nm (nyutoni-mita) 5 hivi. Ikilegea panachemka, ikikazwa kwa nguvu za mkono bolti inazunguka ndani ya moduli na moduli inaanza kuvuja.

Kazi hiyo si ya kujaribu mwenyewe. Funguo iwe mbali na gari, hasi ya betri ndogo ya volti 12 ing'olewe, plagi ya usalama ya rangi ya chungwa itolewe na ikae mfukoni mwa fundi, kisha asubiri dakika 10 chaji ya inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri kubwa uendeshe mota) iishe. Glavu ziwe za umeme za volti 1,000, si za bustani. Na hata baada ya hapo, moduli zenyewe bado zina umeme. Fundi asiyejua hilo usimwachie gari.

Hiyo chaji inayopanda na kushuka haraka inanitia wasiwasi kuliko feni, kwa sababu ni dalili ya betri iliyopungua ujazo, yaani uwezo wake wa kutunza chaji. Ipime. Kifaa cha ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari, na programu ya simu inayosoma hybrid vinatosha. Soma ukiwa unapanda mlima au unakanyaga mafuta, si gari likiwa limesimama, maana betri mbovu isiyobebeshwa mzigo huonekana nzima. Fungu moja likishuka zaidi ya volti moja chini ya wenzake, lina tatizo. Tazama pia joto: 35 hadi 45 ni kawaida kwa hali ya Tanga, likikaa juu ya 50, punguza mwendo na utafute sababu.

Kwa uendeshaji, kumbuka kwamba mkondo wa umeme ukiwa mara mbili, joto ndani ya betri huwa mara nne. Ondoka taratibu. Ukishuka Lushoto kwenda Mombo, weka gia ya B, injini ibebe sehemu ya kazi ya kuzuia gari badala ya kuisukumia betri chaji mfululizo. Kwenye foleni ukisimama sana weka P. Ukiwa kwenye N betri haichaji.

Betri ndogo ya volti 12 nayo iko chini ya kiti hichohicho. Iwe AGM (aina iliyofungwa, asidi yake haimwagiki) yenye mpira wa kutolea gesi nje. Mafundi wengine huweka betri ya maji ya kawaida kwa kuwa ni rahisi kuipata. Mvuke wa asidi unabaki ndani ya gari, unakula nyaya zilizo jirani. Kwa sababu hiyohiyo ya nyaya, waosha magari wasimwage maji chini ya viti.

Taa ikija kuwaka kweli, utaambiwa ubadilishe moduli moja tu iliyokufa. Inafanya kazi kwa muda. Moduli ngeni yenye ujazo tofauti haiendi sawa na zile 19, na baada ya miezi michache nyingine inafuata. Kama pesa ya betri nzima haipo, dai moduli zipimwe ujazo mmoja mmoja, zilinganishwe, na zichajiwe zikiwa zimebanwa ndani ya fremu. Zikichajiwa huru juu ya meza huvimba, na iliyovimba haiingii tena mahali pake.