Sherehe za ujumuishi chuoni: nenda, ila nenda na shida yako mkononi

Jana dada mmoja kanitumia meseji, mdogo wake ana ualbino kama mimi, kapangiwa chuo Dar na anaripoti siku si nyingi, ananiuliza amwambie nini. Nikaanza kumjibu kwa voisi, zilipofika sita nikaona bora niandike tu hapa maana najua hayuko peke yake.

Mdogo wangu, tuanze na macho. Watu wakituona wanafikiria ngozi tu, hawajui kwamba wengi wetu tuna uoni hafifu, macho yanacheza, mwanga unaumiza na miwani haimalizi tatizo. Mwaka wa kwanza nilikaa mwezi mzima na zaidi nyuma kule maana siti za mbele watu wanaziwahi asubuhi wanaweka madaftari, lekchara anaonyesha slaidi anasema "kama mnavyoona hapa" na mimi sioni chochote, naandika ninachosikia alafu jioni nakaa kimbwetani, zile meza za zege za kusomea nje, nanakili daftari la rumeti wangu. Sikumwambia mtu. Sekondari walimu walikuwa wananijua, na mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) ulikuja wenyewe na maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa kwenye hesabu na dakika 10 kwa kila saa masomo mengine, kwahiyo nikaamini taarifa zangu zitakuwa zimenitangulia chuo. Hazikuwepo. Test ya kwanza nikapewa karatasi yenye herufi ndogo kama walizopewa wenzangu wote, saa moja, maswali manne, nikafanya mawili na nikatoka na maumivu ya kichwa yaliyonilaza mpaka kesho yake.

Kilichoniokoa ni sherehe ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, na nilikaribia kabisa kutokwenda. Rumeti ndo alinivuta. Kulikuwa na maturubai, ngoma, mgeni rasmi, hotuba ndefu, tisheti. Zile hotuba sizikumbuki. Nakumbuka pembeni kulikuwa na meza ya watu wa kitengo cha mahitaji maalumu, mama mmoja akaniangalia akaniita, "Mwanangu njoo, unasoma kozi gani? Mbona kwenye daftari letu haumo?" Mwezi wa pili huo niko chuoni na sikujua kama kuna daftari. Akaandika jina langu palepale, Jumatatu nikaenda ofisini kwake, na ndani ya wiki mbili barua ilikuwa imeshafika idarani kwamba mitihani yangu ichapwe kwa maandishi makubwa na niongezewe muda. Wiki mbili! Na ningeweza kuifanya kazi hiyo siku ya kuripoti.

Ndo maana nakwambia sherehe hizi nenda, kwa sababu siku ile watu ambao kawaida unawasubiri kwenye foleni wiki nzima wanakuwa wamekaa chini ya turubai moja, mshauri wa wanafunzi, wakuu wa idara, watu wa maktaba, viongozi wa serikali ya wanafunzi. Nenda na ombi moja tu, moja, limeandikwa kwenye karatasi na jina lako, namba ya usajili, kozi na unachotaka. Muulize nani anasaini na urudi siku gani, chukua namba ya simu. Ukienda na malalamiko kumi utaambiwa "tutalifanyia kazi" na hakuna atakayekumbuka hata moja.

Ila usiisubiri hiyo siku kama mimi. Siku ya Lugha za Alama ni 23 Septemba, mara nyingi mwaka wa kwanza wanakuwa hawajaripoti. Siku ya Fimbo Nyeupe, ya wasioona, ni 15 Oktoba, hapo unaweza kuwa umefika au bado uko kwenye basi. Siku yetu ya Ualbino ni 13 Juni, wakati ambao mwaka wa masomo unaelekea ukingoni na watu wako kwenye presha ya UE, mitihani ya mwisho wa semesta. Wiki ya kwanza kabisa tafuta hicho kitengo, kila chuo kinakiita jina lake, ukikikosa nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Beba ripoti ya daktari wa macho, na kama uliomba mkopo kuna ile fomu ya kuthibitisha ulemavu iliyogongwa muhuri na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, itolee kopi kadhaa, inafungua milango mingi. Na usiingie mle ndani kama mtu anayeomba msaada wa huruma, Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010 na mwaka mmoja kabla yake tulishauridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa, kwahiyo unachoomba ni haki yako. Salimia, kaa, eleza, toa karatasi.

Kuhusu hayo maandishi makubwa, taja ukubwa wa herufi. Mimi niliandika tu "maandishi makubwa", wakachukua mtihani wa kawaida wakaukuza kwenye mashine hadi A3, karatasi ikawa kama gazeti, kimeza chenyewe cha kukunja, kila nikigeuza ukurasa inaanguka. Andika hivi: herufi saizi 18 au 20 kwenye A4, wino mweusi, karatasi isiyong'aa. Notsi usikubali za kuskani peke yake, zile ni picha, programu ya kusoma kwa sauti haiwezi kuzisoma hivihivi, muombe lekchara faili lenyewe la Word au slaidi, wengi wanatoa ukiwafuata kistaarabu baada ya kipindi. NVDA ni programu ya kusoma kwa sauti ya bure, iweke kwenye laptop hata kama unaona kidogo, usiku macho yakichoka inakusomea. Na simu yako ipige picha ubao kisha ukuze, ila mwambie lekchara mapema asije akadhani unachati.

Sasa tuje kwenye jua. Ratiba ikitoka angalia vipindi vya saa sita na saa saba viko jengo gani, tembea njia za kwenye miti hata kama ni ndefu, ondoka mapema. Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya jua, hii ya Kilisun inayotengenezwa KCMC Moshi ndo imetengenezwa kwa ajili yetu kabisa, waulize Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania inapatikana wapi kwa ulipo. Field, yaani mafunzo kwa vitendo, ukipangiwa kazi za nje ongea na msimamizi kabla hujaanza, siku ya kwanza juani ndo inayoharibu.

Kitu kingine kinachoniuma mpaka leo. Kwenye ile sherehe walikuwepo wakalimani wawili wa lugha ya alama, wamesimama pale mbele wanatafsiri hotuba, vizuri sana. Darasani kwetu kulikuwa na kaka mmoja kiziwi ambaye wiki tatu mfululizo alikaa bila mkalimani hata mmoja, anaangalia midomo ya lekchara anayetembeatembea na kuugeukia ubao. CR wetu (mwakilishi wa darasa), Mungu ambariki, ndo aliyeandika barua, darasa zima tukasaini, akaipeleka wiki hiyohiyo ya maadhimisho wakati suala bado liko midomoni mwa watu. Yule kaka akapatiwa mkalimani siku mbili kati ya tano. Haitoshi hata kidogo, lakini zile siku mbili tulimuona akiuliza maswali darasani kwa mara ya kwanza. Kwahiyo nyie msio na ulemavu mnaosoma hapa, msije kwenye sherehe kupiga makofi tu, saini zenu zina uzito, na siti mbili za mbele mnaweza kuziacha wazi bila barua ya mtu yeyote.

Na wewe mdogo wangu, watakuja kukuomba uongee jukwaani, wengine watataka usimulie mambo ya mauaji ya watu wenye ualbino ili ukumbi ulie. Unaruhusiwa kukataa. Mimi mara ya kwanza nilikubali, nikashuka pale nikiwa natetemeka, watu wakanikumbatia na kupiga picha na mimi, na Jumatatu lekchara yuleyule aliyenipiga picha akatuletea test ya herufi ndogo. Mwaka uliofuata waliponiita nilisema nitaongea dakika tano na nitaongelea mitihani peke yake. Nikaenda na karatasi mbili, ya herufi saizi 11 na ya saizi 20, nikamuomba mgeni rasmi avue miwani yake asome ile ndogo kwa sauti.

Alishindwa mstari wa kwanza. Ukumbi ulikaa kimya, na mkuu wa idara yetu alinifuata kabla sijafika kwenye kiti changu.